Kiazi Kikuu na Hesabu ya Mkulima Mdogo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kariakoo, Dar es Salaam)



Tumeombwa jioni hii tuseme juu ya kilimo cha viazi vikuu, na hasa juu ya swali moja: je, mkulima mdogo hutumia vyema vile alivyo navyo, yaani ardhi yake, mbegu yake, nguvu zake na fedha zake chache, ama huvipoteza bure? Kwa watu wa kalamu na meza swali hili laweza kuonekana dogo. Lakini twataraji kuonyesha ya kuwa si dogo, kwa maana jinsi tunavyolijibu ndivyo tunavyomtendea mkulima tukiwa ofisini, na ndivyo tunavyomtendea tukiwa sokoni.

Yafaa tuanzie papa hapa tulipo. Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, lile jeshi la wapagazi waliochukuliwa katika Vita Kuu ya Kwanza kubeba mizigo ya askari wa Kiingereza. Tangu siku zile hata leo mahali hapa pameishi kwa mizigo. Soko kubwa lililosanifiwa na Bwana Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua moto mwezi wa Julai 2021, na wafanya biashara wakatawanyika. Walakini mizigo haikukoma kuja mjini. Na mwezi wa Ramadhani ukikaribia, kila mwenye nyumba huulizia vitu vya futari: muhogo, magimbi, ndizi, viazi vitamu na viazi vikuu, ili vipikwe kwa tui la nazi.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mnunuzi huinua kipande cha kiazi kikuu, akasikia bei yake, akakirudisha juu ya gunia na kusema: "Wakulima wetu ni wavivu. Nchi ina ardhi tele, mvua ipo, na kiazi chauzwa kama dhahabu!" Maneno haya tumeyasikia barazani kwetu mara nyingi, na tusijidanganye, wengi wetu tumeyasema kwa vinywa vyetu. Basi na tuyapime, kama karani anavyopima hesabu kabla ya kuitia sahihi.

KWA NINI KIAZI KIKUU

Tumekichagua kiazi kikuu kwa sababu kinamfunza mtu hesabu kuliko mazao mengine. Mkulima wa mahindi akitia punje chache shimoni, kila punje iliyoota yaweza kumrudishia mamia. Mbegu yake ni sehemu ndogo sana ya mavuno. Mkulima wa muhogo hana shida hata hiyo, kwa kuwa mbegu ya muhogo ni kijiti cha shina, na shina halipikwi; yeye hula mzizi na kupanda mti. Lakini mkulima wa kiazi kikuu hukata kiazi chenyewe, kile ambacho watoto wake wangekula jioni ile, akakizika ardhini. Mbegu yake ni chakula, na chakula chake ni mbegu. Kila mwaka sharti achague kati ya sufuria na shimo.

Kazi yake tena si nyepesi. Udongo sharti uwe mlaini na wa kina, kwa hiyo hulimwa matuta makubwa. Mmea hutambaa, basi hutafutiwa miti ya kupandia. Magugu hupaliliwa mara kadha wa kadha, maana majani ya kiazi hukawia kuifunika ardhi. Kisha mkulima hungoja miezi minane hata kumi, mpaka majani yakauke, ndipo achimbe kwa uangalifu, kwa kuwa kiazi kilichojeruhiwa kwa jembe huoza upesi. Huo ndio utaratibu wake hapa pwani na visiwani, na hautofautiani sana na wa Afrika ya Magharibi, ambako zao hili ndilo mfalme wa shamba. Nijeria peke yake hutoa zaidi ya nusu ya viazi vikuu vyote vya dunia.

MAANA YA MATUMIZI MEMA

Kabla hatujamhukumu mtu, yatupasa tujue sheria tunayomhukumia. Mwaka 1957 mjuzi mmoja wa Kiingereza, M. J. Farrell, aliandika juu ya namna ya kupima ufanisi wa kazi, akaugawa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza twaweza kuiita ufundi: kwa ardhi ileile, mbegu ileile na nguvu zilezile, je, mtu amepata mavuno makubwa kadiri iwezekanavyo, au jirani yake aliye na vitu hivyohivyo amemzidi? Sehemu ya pili twaweza kuiita uchaguzi: je, mtu amechanganya vitu vyake kwa kadiri inayopatana na bei zake, au ametumia kingi cha kitu kilicho ghali na kichache cha kitu kilicho rahisi? Mtu aweza kuwa fundi hodari na mchaguzi mbaya, na aweza kuwa kinyume chake.

Miaka saba baadaye, mwaka 1964, Mmarekani Theodore Schultz alitoa kitabu kilichowashtua wengi. Alisema ya kwamba wakulima maskini wanaofuata desturi za wazee wao kwa kawaida hutumia vizuri vitu walivyo navyo. Umaskini wao, alisema, hautokani na upumbavu wala uvivu, bali na uchache na udhaifu wa vitu vyenyewe. Ushahidi wake aliutoa katika kijiji cha Guatemala na kijiji cha Bara Hindi. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya elimu ya uchumi pamoja na Arthur Lewis.

Hatusemi ya kuwa Schultz alimaliza maneno yote. Wajuzi wengi wamewapima wakulima wa viazi vikuu huko Nijeria, na mara nyingi wameona kwamba ndani ya kijiji kimoja wako wanaopata zaidi ya wenzao kwa vitu vilevile. Maana yake ni kwamba mkulima ana la kujifunza kwa jirani yake. Lakini mtu mwenye la kujifunza si mvivu, kama vile karani asiyejua mashine mpya si mvivu.

HESABU YA SHAMBA MOJA

Sasa na tufanye hesabu. Mfano huu tumeutunga wenyewe ili jambo lionekane, wala haukutoka katika daftari la mtu yeyote.

Tuseme mkulima apanda vipande 100, kila kipande nusu kilo. Mbegu yake ni kilo 50. Mwaka ukiwa mzuri, kila shimo lampa kilo mbili na nusu, basi avuna kilo 250. Aondoa kilo 50 za mbegu ya mwakani, zabaki 200. Nyumba yake yala kilo 130. Kilo 70 apeleka sokoni, apate ada ya skuli, chumvi na mafuta.

Mwaka wa pili mvua yachelewa, na mashimo yale 100 yatoa kilo 150 tu. Angalieni: mavuno yamepungua, lakini mbegu inayotakiwa haikupungua hata kidogo; ni kilo 50 zilezile. Mwaka mzuri mbegu ilikuwa moja ya tano ya mavuno. Mwaka mbaya ni theluthi. Nyumba nayo yataka kilo 130 zake. Akiwalisha watoto wake, zabaki kilo 20 za mbegu, yaani vipande 40.

Mwaka wa tatu mvua yanyesha vizuri kabisa. Lakini vipande 40 vyampa kilo 100, na nyumba yataka 130. Mwaka mzuri umekuja, naye hana cha kuulaki. Mtu apitaye barabarani aona shamba nusu yake ni nyasi, asema: "Tazameni uvivu wa mtu huyu, mvua yote hii!" Wala hajui ya kuwa mbegu ya shamba lile ililiwa mwaka jana na watoto wenye njaa.

Mabibi na mabwana, mtu huyu ametumia vibaya kitu gani? Ardhi anayo, nguvu anazo, ufundi ni uleule wa mwaka wa kwanza. Kilichomwangusha ni mbegu, na mbegu aliitoa mahali ambapo hata sisi tungeitoa.

HESABU YA WAKULIMA WAWILI

Tuongeze hesabu nyingine. Jirani yake apanda mashimo 100 katika ardhi iliyo sawa na ile, lakini yeye hukata vipande vya kilo nzima. Mbegu yake ni kilo 100. Kipande kikubwa huota kwa nguvu na kutoa kiazi kikubwa, basi yeye avuna kilo 350. Mkaguzi wa mashamba akija na kamba yake, akapima ardhi na mavuno, ataandika: "Huyu wa pili ni mkulima bora, amemzidi mwenziwe kwa kilo 100."

Lakini ngojeni tuondoe mbegu. Wa kwanza abaki na kilo 200, wa pili abaki na 250. Tofauti sasa ni kilo 50 tu. Tena tutazame nusu ile ya pili ya mbegu, zile kilo 50 alizoziongeza. Zimempa kilo 100 zaidi, yaani kila kilo imezaa mbili. Nusu ya kwanza ya mbegu kila kilo ilizaa tano. Kama mtu yule angekuwa na ardhi nyingine, na nguvu za kuilima, angezitia zile kilo 50 katika mashimo mengine 100 akavuna kilo 250 badala ya 100.

Je, amekosea? Jawabu lategemea kitu kilicho adimu kwake. Kama ardhi yake ni finyu, kama ilivyo katika visiwa vyetu na kandokando ya mji huu, amefanya vyema, maana hana mahali pengine pa kuiweka mbegu. Kama ardhi ni tele na mbegu ndiyo adimu, amekosea. Na kama ardhi ni tele, mbegu ni tele, lakini mikono ni miwili tu na mtoto mgongoni, basi kulima matuta mengine 100 ni ndoto, na kipande kikubwa chaweza kuwa ndio uchaguzi wa busara. Kwa hiyo anayepima kilo kwa ekari peke yake, na kunyamaza juu ya mbegu na mikono, amepima robo ya jambo na kutoa hukumu ya jambo zima.

HESABU YETU WENYEWE

Hapa itatubidi tujipime na sisi, kwa kuwa si haki kupima jirani na kuficha mizani ukifika nyumbani. Wengi wetu tulio kazini tuna vipande vya shamba huko Kisarawe, Mkuranga na Kibaha, na tumepanda muhogo na pengine mistari michache ya viazi vikuu. Tuna mshahara, twasoma vitabu, twaweza kununua mbegu. Je, mavuno yetu yakoje?

Tuseme kweli: mara nyingi ni aibu. Na sababu yake twaijua. Palizi yatakiwa wakati magugu yanapoota, bali sisi hulipa kibarua mshahara unapotoka, na nyasi hazingoji mwisho wa mwezi. Tunapofika Jumamosi na fedha mkononi, magugu yamekwisha kula mbolea na mwanga, na kibarua adai malipo zaidi kwa kuwa kazi imekuwa ngumu. Yule mkulima tunayemwita mvivu angeipalilia siku ileile kwa jembe lake. Sisi tumetumia fedha nyingi zaidi yake tukapata kilo chache zaidi yake. Kwa sheria ya Bwana Farrell, ni nani aliyepoteza?

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika nchi hii, huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Walikuja wajuzi, matrekta na fedha. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu, mvua haikutosha, mitambo ikavunjika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Katika miaka ileile watawala walikuwa wakimwamuru mkulima mdogo, chini ya tishio la faini, alime kiasi fulani cha muhogo kwa ajili ya njaa, ati kwa sababu yeye mwenyewe hajui kupanga mambo yake. Aliyepoteza pauni milioni 36 hakuitwa mvivu. Aliyepoteza kilo 30 za mbegu aliitwa hivyo.

HESABU YA SOKO

Hatujafika mwisho, maana kiazi hakijafika Kariakoo. Kuna hasara nyingine ambayo jembe halina habari nayo.

Ya kwanza ni wakati. Mkulima aliyepanda mwanzoni mwa masika, mwezi wa Machi, atachimba kati ya Novemba na Januari. Kiazi kikuu kikichimbwa hulala miezi miwili hata minne bila kuchipua. Baada ya hapo huchipua, hunyauka na kupungua uzito. Lakini bei kubwa mjini huja pamoja na Ramadhani, na Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua. Mwaka 2015 iliingia mwezi wa Juni, na wakati huo mkulima wetu alikuwa amekwisha kula, kuuza au kupanda viazi vyake. Mwaka 2025 iliingia mwezi wa Machi, na yule aliyekuwa amehifadhi vyema alikuwa bado anacho cha kuuza. Mtu akimpima mkulima huyu kwa shilingi, atasema mwaka 2015 alikuwa mjinga na mwaka 2025 amekuwa hodari. Kumbe jembe ni lilelile, mikono ni ileile. Kilichosogea ni mwezi wa angani.

Ya pili ni kipimo. Sote twaijua lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu ya mdomo wake hata likawa kama mtu aliyebeba mtu. Sheria ya vipimo yaikataza. Lakini mkulima aliye mbali na barabara, ambaye lori limekuja kwake mara moja kwa juma, huambiwa: jaza hivyo au baki nacho. Hujaza. Kile kilemba ni mazao aliyoyapanda, akayapalilia, akayachimba, kisha hakulipwa. Na hapa mjini mchuuzi akitupimia kwa fungu, nasi hatujui tumenunua kilo ngapi. Basi mkulima auza bila kujua uzito, na mlaji anunua bila kujua uzito, na katikati ya hao wawili wasiojua ndipo penye kujua.

Wengine watauliza: lumbesa yahusu nini na ufanisi wa kilimo? Yahusu sana. Mkulima akiongeza kilo 30 kwa bidii yake, na kilo zile zote zikaingia katika kilemba, mwakani ataongeza bidii kwa ajili ya nani? Atalima zake za kula, akome hapo. Nasi tutasema tena: ni mvivu.

YA KUFANYA

Haifai kulalamika na kuondoka. Yako mambo ambayo yanaweza kufanywa, na mengine yamekwisha kujaribiwa.

Kwanza ni mbegu, kwa kuwa ndiyo mzizi wa taabu. Huko Nijeria, katika chuo cha Umudike na kile cha Ibadan, wajuzi wa miaka ya 1970 na 1980 walitengeneza njia ya kukata kiazi kikuu vipande vidogo sana, vya gramu 25 hivi, kila kimoja kikiwa na ganda lake, maana chipukizi hutokea gandani. Vipande hupakwa majivu au dawa, hukaushwa kivulini, huoteshwa kitaluni, kisha huhamishiwa shambani. Mwaka wa kwanza havitoi chakula. Hutoa vijiazi vidogo vizima, na vijiazi hivyo ndivyo mbegu ya mwaka wa pili.

Na turudi kwa mkulima wetu. Katika mwaka wake mzuri alipeleka sokoni kilo 70. Kama angeweka kando kilo mbili tu, angepata vipande 80. Tuseme 20 vimekufa na 60 vimeishi, na kila kimoja kimetoa kijiazi cha nusu kilo: ni kilo 30 za mbegu zilizotokana na kilo mbili. Ndizo kilo 30 hasa zilizokosekana baada ya mvua kuchelewa. Angewalisha watoto kilo 130, akabaki na 20, akaongeza zile 30, shamba lake likajaa kama kawaida. Bila shaka mvua mbaya ingevipunguza vijiazi hivyo pia. Lakini hata nusu yake ingekuwa msaada mkubwa kuliko nyasi.

Lakini tusiichukue habari hii kama wale wa matrekta walivyochukua yao. Hata huko Nijeria wakulima wengi walikawia kuifuata njia hiyo, na hawakukawia kwa ukaidi. Inataka kazi zaidi, inataka kitalu kinyweshwe, vipande vingine haviti, na mtu sharti angoje mwaka mmoja zaidi. Mwenye njaa hangoji mwaka. Kwa hiyo mafundisho haya hayafai kupelekwa mwaka wa dhiki kwa mtu aliyebakiwa na kilo 20. Yafaa yapelekwe mwaka wa neema, kwa kilo mbili tu, pembeni mwa shamba, tena afadhali majirani kadhaa wakiungana kutunza kitalu kimoja, ili wagawane kazi na hatari.

Pili ni utafiti. Muhogo wetu ulipata walezi. Katika chuo cha Amani kule Usambara, kilichoanzishwa na Wadachi mwaka 1902, Bwana Storey na Bwana Nichols walianza miaka ya 1930 kuuzalisha muhogo unaohimili ugonjwa wa batobato, kwa kuuchanganya na jamaa yake mmoja wa mti wa mpira. Na leo kituo cha Kibaha chaendelea na kazi ya muhogo na viazi vitamu. Kiazi kikuu hakikupata bahati ya namna hiyo nchini kwetu. Wenye kuandika makadirio ya fedha katika idara zetu wapo humu ukumbini, tunawaomba wakikumbuke.

Tatu ni daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima anayejua kusoma, au mwenye mtoto anayesoma, aandike mambo manne: uzito wa mbegu, siku za kazi, uzito wa mavuno, na bei aliyopewa. Na sisi wenye mashamba ya Jumamosi tuandike vivyo hivyo, bila kuficha. Baada ya miaka mitatu tukutane hapa tulinganishe madaftari. Twaona ya kuwa wengi wetu tutatoka humo na heshima mpya kwa jirani wa shamba letu.

Nne ni mizani. Tukinunua, tuombe kupimiwa kwa kilo. Tulio katika ofisi zinazohusika na vipimo, barabara na masoko, tusiiache sheria ilale katika faili. Kilemba kimoja kinachokatwa juu ya gunia kitamwongezea mkulima faida upesi kuliko semina kumi za kumhimiza afanye bidii.

MWISHO

Mabibi na mabwana, mwaka 1922 huko Tanga Bwana Martin Kayamba na wenziwe waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Walikuwa makarani na walimu, watu waliochoka kuhukumiwa na wakubwa wasiojua maisha yao, walioandikiwa kuwa wavivu au hawafai kwa sababu kazi yao ilipimwa kwa kipimo kisicho haki. Sisi tulio warithi wa kalamu yao tuangalie tusije tukamfanyia mkulima lilelile walilofanyiwa wao.

Swali tulilopewa lilikuwa kama mkulima mdogo wa viazi vikuu atumia vyema vile alivyo navyo. Jawabu letu ni hili. Kwa alivyo navyo, mara nyingi atumia vyema kuliko sisi tungevitumia. Ana la kujifunza, nalo ni juu ya mbegu hasa. Lakini sehemu kubwa ya hasara tunayoiona katika shamba lake haikuzaliwa shambani. Imezaliwa katika mwaka wa njaa ambao hakuna aliyemkopesha mbegu, imezaliwa barabarani, imezaliwa katika kilemba cha gunia, na imezaliwa vinywani mwetu tunapotoa hukumu kabla ya kufanya hesabu.

Basi siku tutakapoinua tena kipande cha kiazi kikuu sokoni na kusikia bei yake, tukumbuke ya kuwa kipande hicho kingeweza kuwa shimo moja la mwakani, na kwamba mtu fulani, ambaye hatumjui jina, alichagua kutuuzia. Tumlipe kwa uzito wa haki.